Pittsburgh Phil: Mkata vizibo aliyesoma mwendo wa farasi

KWA karibu miaka 20, kuanzia katikati ya miaka ya 1880, wapokea dau katika viwanja vya mbio za farasi nchini Marekani walimwogopa mtu mmoja mkimya. Hakupiga kelele aliposhinda, wala hakulalamika aliposhindwa. Alisimama jukwaani na darubini yake, akatazama mbio kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akaenda zake. Sura yake haikuonyesha kama amepata au amepoteza.

Jina lake halisi lilikuwa George E. Smith. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Pittsburgh Phil, na hadi leo anatajwa miongoni mwa wacheza dau waliofanikiwa zaidi katika historia ya mbio hizo.

Maisha yake yana jambo ambalo kila anayeishi kwa kununua na kuuza atalitambua. Smith hakutajirika kwa kujua farasi gani ni bora. Farasi bora alijulikana na kila mtu, na bei yake ilikuwa mbaya. Alitajirika kwa kumwona farasi ambaye wengine walikuwa wamemkosea hesabu.

Kijana wa kiwanda cha vizibo

Smith alizaliwa mwaka 1862 huko Sewickley, Pennsylvania, karibu na jiji la Pittsburgh. Hilo lilikuwa jiji la viwanda na moshi, na watoto wa familia zisizo na uwezo waliingia kazini mapema. Smith naye alianza akiwa bado mdogo, katika kiwanda cha kukata vizibo vya chupa. Mshahara ulikuwa dola chache kwa wiki.

Zama hizo hapakuwa na redio wala televisheni. Hata hivyo, mtu wa Pittsburgh aliweza kuweka dau kwenye mbio zilizokuwa zikikimbiwa New York, mamia ya kilomita kutoka alipo, kwa sababu ya telegrafu. Katika miji mikubwa kulikuwa na vyumba vya dau ambako waya wa telegrafu uliingia moja kwa moja. Mbio zilipoanza, karani alisoma kwa sauti habari zilizokuwa zikifika: nani anaongoza kwenye robo maili, nani yuko wa pili kwenye nusu maili, nani anakuja juu katika mnyoosho wa mwisho, na nani ameshinda.

Watu wengi chumbani walisubiri neno moja tu, jina la mshindi. Waliokuwa wamemwekea dau walishangilia, wengine walichana tiketi zao, na mbio zile zikawa zimekwisha.

Kwa kijana Smith zilikuwa hazijaisha. Yeye aliandika. Nafasi ya kila farasi katika kila hatua iliyotajwa iliingia kwenye daftari lake, siku baada ya siku. Gazeti la Daily Racing Form, ambalo baadaye lilikuja kuwa msaafu wa wacheza dau wa Marekani, lilianzishwa Chicago mwaka 1894 tu. Miaka mingi kabla ya hapo, mkata vizibo huyu alikuwa ameshajitengenezea kumbukumbu zake mwenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Smith daftari lilitangulia, mali ikafuata.

Daftari lilimwambia nini?

Matokeo ya mbio humwambia mtu jambo moja: nani alifika wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hayamwambii kazi ambayo kila farasi aliifanya njiani. Hapo ndipo palipokuwa na siri.

Chukua mfano wa mbio za maili moja zenye farasi wanane. Watatu kati yao ni wa aina ya kutaka kuongoza tangu mwanzo. Lango likifunguka wote watatu wanakimbilia mbele, na hakuna anayekubali kumwachia mwenzake. Robo maili ya kwanza wanaimaliza kwa sekunde 23, wakati mwendo wa kawaida ungekuwa sekunde 25. Wamelipa nguvu nyingi mapema. Wakifika kwenye mnyoosho wa mwisho miguu ni mizito, na farasi aliyekuwa wa saba kwa utulivu anawapita mmoja mmoja.

Kesho yake gazeti linaandika kwamba farasi huyo wa saba alishinda kwa nguvu, na kwamba mmoja wa wale watatu alimaliza wa sita. Wasomaji wanamsifu wa kwanza na kumdharau wa sita. Mwenye daftari anaona tofauti. Anaona kwamba mshindi alizawadiwa na ugomvi wa wenzake. Pia anaona kwamba yule wa sita aliongoza kwa mwendo mkali kwa robo tatu ya mbio, tena akiwa amebanwa kushoto na kulia.

Baada ya wiki mbili, yule wa sita anaingizwa katika mbio nyingine. Safari hii hakuna mwingine anayependa kuongoza. Atakwenda mbele peke yake, kwa mwendo anaoutaka, bila kusukumwa na mtu. Akifika mnyoosho wa mwisho atakuwa bado na nguvu. Lakini watu wanakumbuka kwamba mara ya mwisho alikuwa wa sita, hivyo wapokea dau wanampa bei ya 10 kwa 1. Huyo ndiye farasi ambaye mtu kama Smith alikuwa akimngoja.

Hali ya kinyume nayo ipo. Farasi anayekuja kutoka nyuma anaweza kushindwa mara mbili au tatu mfululizo kwa sababu tu mbio zilikuwa za polepole mwanzoni, na wale wa mbele hawakuchoka. Siku atakapokutana na farasi wanne wanaogombea uongozi, ugomvi wao utakuwa faida yake. Ila kwa kuwa ameshindwa mara tatu, bei yake imekuwa kubwa na hakuna anayempigia upatu.

Wataalamu wa mbio wa vizazi vya baadaye walikuja kuifanya elimu hii kuwa ya tarakimu. Waligawa mbio katika vipande, wakapima muda wa kila kipande, na wakatumia kanuni ya Marekani inayohesabu urefu mmoja wa farasi kuwa sawa na moja ya tano ya sekunde. Msingi wake ni ule ule wa chumba cha telegrafu: usitazame tu mahali farasi alipofika, tazama alifikaje.

Jina jipya mjini Chicago

Faida za Pittsburgh zilipokua, Smith aliacha kukata vizibo. Mwaka 1885 alikwenda Chicago, ambako mbio na dau vilikuwa biashara kubwa zaidi. Huko ndiko alikopata jina lake. Smith ni jina la kawaida mno Marekani, na miongoni mwa wacheza dau wa Chicago walikuwapo akina Smith wengi. Mtu aliyejulikana kama Silver Bill Riley akampachika jina la Pittsburgh Phil ili kumtofautisha na wengine. Jina likaganda.

Kutoka Chicago alihamia New York, kitovu cha mbio za Marekani. Viwanja vya Sheepshead Bay, Gravesend na Brighton Beach, vyote katika eneo la Brooklyn, vilivuta umati mkubwa wakati wa kiangazi, na Saratoga, kaskazini mwa jimbo hilo, ilikuwa na msimu wake. Sasa hakuhitaji kusikiliza karani. Aliona kwa macho yake mwenyewe.

Macho hayo yalikuwa mtaji. Wakati watazamaji walimfuata farasi waliyemwekea pesa, Smith alijizoeza kuwatazama wote. Alimwona aliyezibiwa njia, aliyezuiwa na mpanda farasi wake, aliyepoteza hatua kwenye kona kwa kukimbia upande wa nje, na aliyemaliza wa tano huku bado ana pumzi. Kabla ya mbio alikwenda mahali farasi wanapotembezwa, akachunguza ngozi, miguu na utulivu wao. Aliamini kwamba hali ya farasi siku ile ina uzito kuliko mzigo aliobebeshwa mgongoni.

Kuhusu saa alikuwa mwangalifu. Alionya kwamba anayetegemea muda wa jumla peke yake atafilisika. Farasi aliyeachwa aongoze kwa raha anaweza kuandikiwa muda mzuri sana, kisha siku akipata mshindani wa kumsumbua mapema akakata tamaa. Muda ni ule ule wa saa, lakini mazingira yaliyouzaa ni tofauti.

Bei kwanza

Wapokea dau wa enzi hizo walisimama katika eneo lao uwanjani, kila mmoja na ubao wake na chaki. Kila mmoja alipanga bei yake, au odi kama wanavyosema vijana wa mikeka leo. Bei zilitofautiana kutoka ubao mmoja hadi mwingine, na ziliweza kufutwa na kuandikwa upya kwa dakika moja.

Lilikuwa soko kama masoko mengine. Smith alilichukulia hivyo. Kwake swali halikuwa kama farasi atashinda, bali kama bei inayotolewa ni kubwa kuliko hatari inayochukuliwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Farasi wa 10 kwa 1 humrudishia mtu faida ya 10 kwa kila 1 aliyoweka. Akishinda mara moja katika mbio 11, mchezaji amepoteza 10 na kupata 10, hana faida wala hasara. Lakini kama kwa kusoma mwendo wa mbio mchezaji ameona kwamba farasi huyo ana nafasi moja kati ya sita, basi katika kila mbio sita atapoteza 5 na kupata 10. Atashindwa mara nyingi kuliko atakavyoshinda, na bado ataondoka na faida.

Farasi anayependwa na wote, wa bei ya 1 kwa 2, lazima ashinde mbio mbili katika kila tatu ili mchezaji asipate hasara. Anaweza kuwa farasi mzuri sana na bado akawa biashara mbaya.

Watu wengi hujifunza nusu ya somo hili na kuumia. Huona bei kubwa na kudhani bei kubwa peke yake ni fursa. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Griffith, alichapisha uchunguzi uliopima jambo hilo. Alikuta kwamba wachezaji kwa jumla huwawekea pesa nyingi mno farasi wasio na nafasi, na pesa chache mno wale wenye nafasi kubwa. Kwa maneno mengine, farasi wa bei kubwa, wakichukuliwa wote kwa pamoja, ni dau baya zaidi kuliko wapendwa. Anayewafuata kwa sababu tu wanalipa sana anajichimbia shimo. Smith hakuwafuata wote. Alimchagua yule ambaye bei yake kubwa ilitokana na watu kusoma vibaya mbio zake zilizopita.

Kuficha mkono

Mafanikio yalileta tatizo jipya. Kila mpokea dau aliyemwona Smith akisogea kuelekea ubao alijua kuna jambo. Akitaja jina la farasi wa 10 kwa 1, bei ilifutwa na kuwa 4 kwa 1 kabla hajatoa pesa mfukoni. Umati nao ulimfuata, na kila aliyeiga dau lake alizidi kuishusha bei.

Mnunuzi yeyote wa mazao anaijua hali hiyo. Muuzaji akishajua umetoka mbali, una lori linangoja na lazima uondoke leo, bei ya jioni haiwi ile ya asubuhi.

Smith alitatua kwa kutumia mawakala. Aliwatuma watu wasiojulikana, wakatawanyika uwanjani na kuweka dau kwa wapokea dau mbalimbali kwa wakati mmoja, kabla habari haijasambaa. Wakala alipotambuliwa, alibadilishwa. Ndiyo maana ule ukimya wake haukuwa tabia tu. Sura yake ikionyesha furaha au wasiwasi, mtu alikuwa na cha kusoma. Ilikuwa sehemu ya kazi kutompa mtu chochote cha kusoma.

Alikuwa pia na farasi wake, waliokimbia chini ya jina la ndugu yake, na mmoja wa waliowapanda ni Tod Sloan. Sloan, mzaliwa wa Indiana mwaka 1874, aliendesha akiwa amejikunja mbele juu ya shingo ya farasi, mtindo uliochekwa mwanzoni lakini ukaja kuigwa duniani kote baada ya yeye kuupeleka Uingereza mwaka 1897. Sifa yake nyingine ilikuwa kujua kasi bila kutazama saa. Alijua lini anakwenda haraka mno na lini wenzake wanakwenda polepole mno, na aliweza kuongoza mbio nzima kwa mwendo wa kuwadanganya. Kwa mtu aliyeishi kwa kusoma mwendo, huyo alikuwa mpanda farasi wa kufaa.

Nidhamu na gharama yake

Mengi yanayojulikana kuhusu mbinu za Smith yalihifadhiwa na mwandishi wa habari za mbio, Edward W. Cole, aliyezungumza naye na kuchapisha kitabu mwaka 1908, miaka mitatu baada ya kifo chake. Picha inayotoka humo si ya mtu wa bahati wala wa fujo. Ni ya mtu aliyeishi kwa kiasi, aliyeamini kwamba ulevi na kazi hii haviendi pamoja.

Hakucheza kila mbio. Kama hakuona tofauti kati ya bei na nafasi halisi, alikaa. Alipokuwa akishinda aliongeza dau. Alipoanza kushindwa mfululizo alipunguza, au aliacha kabisa kwa muda mpaka akili itulie. Hilo ni kinyume cha wanavyofanya wengi, ambao hukimbiza hasara kwa pesa kubwa zaidi. Na alishikilia maoni yake. Uvumi wa uwanjani, hata ukitoka kwa wenye farasi wenyewe, haukumtoa kwenye alichokiona kwa macho na kukiandika.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Kazi ya namna hiyo haina mapumziko. Asubuhi ni mazoezi ya farasi, mchana ni mbio, usiku ni daftari. Akili iliyozoea kuficha kila hisia haipati mahali pa kupumulia. Akiwa na umri wa miaka 40 na kidogo, afya yake ilivunjika. Alikwenda Asheville, North Carolina, mji wa milimani ambako wagonjwa wengi wa kifua wa zama hizo walifuata hewa safi. Hewa haikumsaidia. Alifariki huko Februari 1, 1905, akiwa na umri wa miaka 42.

Aliacha mali iliyozidi dola milioni moja, fedha nyingi ajabu kwa wakati ule. Alizikwa Pittsburgh, katika kaburi la kifahari la makaburi ya Union Dale alilokuwa amelijenga akiwa hai. Mama yake aliyebaki nyuma aliweka juu yake sanamu ya mwanawe, na katika mkono wa sanamu hiyo kuna karatasi ya mbio.

Soko lilifungwa, somo likabaki

Ulimwengu aliotajirikia haukudumu. Mwaka 1908 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kupiga marufuku dau uwanjani, na kufikia mwaka 1911 na 1912 viwanja vya jimbo hilo havikuwa na mbio. Sheepshead Bay, Gravesend na Brighton Beach havikufunguliwa tena kwa mbio za farasi. Dau liliporudi kwa nguvu, mashine zilichukua nafasi ya wapokea dau. New York ilianza kuzitumia rasmi mwaka 1940. Chini ya mfumo huo pesa za wachezaji wote huwekwa pamoja, kiwanja na serikali hukata sehemu yao, kwa kawaida asilimia 15 hadi 20 au zaidi, na kinachobaki hugawiwa waliopatia.

Makato hayo yanaeleza kwa nini akina Pittsburgh Phil ni wachache. Mchezaji wa kawaida haanzii sifuri, anaanzia chini ya sifuri. Kwa kila mmoja aliyejenga kaburi la kifahari, maelfu walirudi nyumbani kwa miguu. Wengi wao walikuwa na ari kama yake, hata ujasiri kumzidi. Hawakuwa na daftari, hawakuweza kukaa bila kucheza, na waliinunua kila bei waliyopewa.

Habari za mwendo wa farasi leo zinauzwa kwa yeyote anayezitaka, zikiwa zimepimwa hadi sehemu ndogo za sekunde. Kila mtu akiwa na daftari, daftari hupoteza thamani yake, kwa kuwa bei hujirekebisha kabla ya mtu kufika. Smith alifika mapema, wakati waya wa telegrafu ulileta habari zile zile kwa watu wote waliokuwa chumbani, nao wakasikiliza jina la mshindi tu.